Zamu ya Saa Tisa

Jumamosi, tarehe 14 Machi 1987. Daftari la zamu la klabu ya urubani linathibitisha jambo moja: saa moja asubuhi ndege iliandikiwa daktari wa meno, na saa tisa alasiri ikaandikiwa binti wa dada yake karani mwenyewe.

Karani huyo, mwanamke ambaye wanachama walimwita Mizani, alikuwa amelishika daftari hilo kwa miaka kumi na mmoja. Kabla ya hapo aligawa namba za wagonjwa katika zahanati, na huko alijifunza kwamba mtu akitaka kutangulia hakosi msiba. Klabu ilikuwa na ndege mbili, lakini moja ililala karakana tangu mwaka uliotangulia, injini imefumuliwa, vipuri havijaja. Iliyobaki iligombewa na wanachama thelathini na mmoja. Mizani aliwagawia kwa penseli na rula, kwenye meza iliyotazama njia ya kurukia. Aliyechelewa robo saa alifutwa, hata awe mwenyekiti. Aliyezuiwa na hali ya hewa alipandishwa juu ya orodha, akachagua wa kwanza wiki iliyofuata. Kanuni hiyo ya pili aliitunga yeye, na wote waliisifu.

Kisha binti wa dada yake akajiunga kujifunza. Jina lake lilipotokea mara ya kwanza kwenye zamu ya asubuhi, daktari wa meno aliinama juu ya meza, akalisoma, akacheka taratibu.

"Haya bwana. Mcheza kwao hutunzwa."

Mizani alichukua kifutio, akalifuta.

Tangu siku hiyo akawa mkali kwa damu yake kuliko kwa wageni. Mara tatu mawingu yalimzuia binti kuruka, na mara tatu mama yake mdogo akamrudisha mkiani mwa orodha, ili asiwepo wa kunyoosha kidole. Binti hakunung'unika. Alibakiza safari moja tu ya mafunzo: kwenda uwanja wa jirani, ng'ambo ya vilima, na kurudi akiwa peke yake. Kibali chake cha mwanafunzi kilikuwa kinaisha mwezi huo. Na msimu ule kila rubani alijua kwamba asubuhi ni nyeupe, lakini alasiri vilima hujifunika gubigubi. Ndiyo maana zamu za alasiri hazikuwa na mgombea.

"Mama mdogo, hakuna asubuhi hata moja?"

"Zimejaa, mwanangu. Ipo ya saa tisa."

"Basi niandike hiyo hiyo. Heri nusu shari kuliko shari kamili."

Mkufunzi alivitazama vilima, akaviona vyote, akamruhusu. Binti alifika salama, akatia saini kwenye kitabu cha uwanja ule, na saa kumi na nusu akaanza kurudi. Wingu lilishuka akiwa njiani. Siku ya tatu wakata kuni waliyakuta mabaki ubavuni mwa kilima.

Wachunguzi waliuliza habari za injini, mafuta na utabiri wa hewa. Mizani aliwapelekea daftari bila kuitwa. Mmoja wao aliufunua ukurasa wa siku ile, akausifia mwandiko, akamwambia kwamba hapo hapakuwa na kosa. Kurasa za wiki zilizotangulia hakuzigusa, na Mizani hakuwa na nguvu ya kumfunulia.

Dada yake ndiye aliyeuliza swali lenyewe, siku ya arobaini, wakiwa wawili tu jikoni.

"Wewe ndiye uliyegawa. Mwanangu ulimpa zamu gani?"

"Iliyobaki."

Dada akamwomba aondoke. Hawakusemezana tena mpaka mauti ya dada, miaka tisa baadaye. Mizani aliacha kazi wiki ile ile ya arobaini. Wanachama walimsihi abaki, daktari wa meno akiwa wa kwanza, wakisema hawatapata mwingine mwenye haki kama yeye.

Kanuni zilikuwa zimebandikwa ukutani, mahali ambapo kila mwanafunzi alipita. Haijulikani kama binti aliwahi kuzisoma, wala kama alijua kwamba zamu ya asubuhi, kwa haki, ilikuwa yake.