Nilipomushitaki Pasteri Mbele ya Baraza

Kanisani kwetu kuna benchi moja ya nyuma, karibu na mlango, ambayo hakuna mtu anayeikalia kwa kupenda. Ni ya watu walio chini ya nidhamu. Ukikamatwa na kosa unaketi pale, hugusi Meza ya Bwana, huimbi kwaya, mpaka siku utakaposimama mbele ya wote na kutubu kwa mdomo wako mwenyewe, ukitaja kosa kwa jina lake. Nimeona baba mzima akitubu kikombe cha kasiksi, pombe yetu ya ndizi, alichokunywa kwenye ndoa ya ndugu yake. Nimeona mama akitubu kwamba alimuvua mwenzake kitambaa cha kichwa pale bombani. Kijana mmoja alikalishwa kwa sababu alicheza, na si muziki wa dunia hata, ni tangazo la sabuni kwenye redio. Mimi ni shemasi, mama pekee katika baraza la wazee, na kazi yangu ni kuosha vikombe vya Meza na kupangusa benchi hiyo. Sijaikuta na vumbi hata siku moja.

Kwetu ni Walikale, porini. Wanaume wanawinda, wanawake tunalima mihogo na ndizi katikati ya visiki. Niliolewa huku Masisi, kwenye milima ya maharagi na viazi, si mbali na Kalembe. Nilipofika, mashemeji zangu waliniita "bibi ya pori" kila asubuhi, na mimi niliwaita walevi wa kasiksi, tukacheka. Baba yangu alipokufa, walevi hao hao walitembea mpaka kwetu kuchimba kaburi. Huo ndio utani. Unanirushia neno, nami nakurudishia, na siku ya msiba tunabebana.

Sasa Pasteri. Ni mtu wa milimani, tena mwenye sauti, lakini anapenda mikro, kile kipaza sauti chake, kupita kiasi. Kanisa letu ni dogo, mtu akipiga chafya nyuma unamwambia pole ukiwa mbele, ila yeye bila mikro na ile bafle, spika ya kukoroma, anaona Mungu hatasikia. Jumapili moja alikuwa anahubiri juu ya ubatizo. Binti yangu wa mwisho alikuwa ameketi mbele kabisa na wenzake waliokuwa wanajitayarisha kuingia majini. Pasteri akaona watu wanasinzia. Akatafuta cha kuwaamsha.

"Katika maji, mtu anaacha utu wa kale," akasema. "Lakini watu ya pori, ndugu zangu! Hao hata uwazamishe tangu asubuhi mpaka magaribi, nyani atabaki mu tumbo!"

Ee Mungu wangu, watu walicheka! Mpiga kinanda akaongezea mulio mmoja wa furaha, ti-ri-ri. Halafu vichwa vikaanza kugeuka, kimoja kimoja, kumuangalia mtoto wangu. Yeye aliangalia viatu vyake. Mimi nilikuwa nimeshika sinia la vikombe, vikawa vinalia vyenyewe.

Nyumbani alikunja kanzu yake nyeupe ya ubatizo, ile niliyomushonesha kwa fundi, akaiweka juu ya kitanda changu.

"Mama, sitaingia mu maji na ule muntu."

"Mwanangu, ubatizo ni wa Mungu."

"Na mikono ya kunizamisha njo ya nani?"

 Niliogopa. Niliogopa atamuacha Mungu kwa sababu ya mdomo wa mtu mmoja, na zaidi ya hapo, niseme kweli, niliogopa ataanza kunionea haya mimi niliyemuzaa. Baba yake, mpole wangu wa milimani ambaye hata jogoo akimufukuza anaomba musamaha, akasema: "Pasteri alikuwa anatania tu."

"Anatania na nani?" nikamuuliza. "Yeye ni shemeji yangu? Alichimba kaburi ya baba yangu? Na mimi mikro yangu ya kumujibu iko wapi?"

Akatoka kwenda kuangalia mbuzi. Mbuzi wetu wanaangaliwa sana nikikasirika.

Kesho yake nilienda kwa Pasteri. Nilimukuta na singileti, anaosha moto yake, ile pikipiki, kwa sabuni nyingi.

"Mama Shemasi! Bwana asifiwe!"

"Asifiwe. Papa, jana ulitutukana."

Alifungua macho, mtakatifu mzima. "Mimi? Mimi sina ukabila! Mke wa kaka yangu anatoka Pinga, kule kwenu! Na sombe yako, nani anaikula kuliko mimi?"

Hapo alisema kweli. Zamu yangu ya kumupikia ikifika, sufuria ya majani ya mihogo inarudi imelambwa.

"Basi, kwa nini ulisema vile?"

"Mama, si mimi. Madhabahuni ni Roho njo anatoa neno."

"Roho Mtakatifu njo alikuambia iko nyani mu tumbo yangu?"

Alikamua kitambaa cha sabuni. Kisha akasema kwa huruma kwamba ananiona na roho ya hasira, na kabla sijarudi nyuma alikwisha kuniwekea mkono kichwani, na povu lake, akakemea: "Toka, roho ya uasi! Toka!" Roho haikutoka. Kitambaa changu cha sikukuu ndicho kilicholoana.

Nikasema, sawa. Kama ni sheria, na tufuate sheria. Baraza lilipokutana, tulianza na kesi ya baba mmoja aliyesikika akipiga muruzi saa ya maombi. Alipewa benchi haraka, bila mtu kupumua. Kisha mwenyekiti akauliza kama kuna neno lingine, na mimi nikasimama.

"Liko. Kuna mtu ametukana ndugu mbele ya kanisa zima. Naomba aketi kwenye benchi ya nyuma, atubu."

"Amina!" wakaitika wote. "Ni nani huyo?"

"Ni huyu Papa Pasteri aliyeketi hapa."

Jamani! Karani aliinua kalamu, akaangalia ncha yake kama ndiyo imeniloga. Mzee mmoja alikohoa, wa pili akamusaidia kukohoa. Pasteri alitabasamu lile tabasamu la kusubiria picha.

Kisha hekima ikaanza kumiminika. Wa kwanza akauliza: Pasteri akiwa chini ya nidhamu, nani atahubiri kwamba nidhamu ni nzuri? Wa pili akaomba tupeleke shauri kwa wakubwa kule Sake, ila njia ya Sake ilikuwa imefungwa tena na vita, kwa hiyo tungoje amani irudi nchini, halafu tupeleke. Wa tatu, mzee ninayemuheshimu sana, akasema Pasteri anaweza kuketi nyuma, lakini si juu ya benchi, ni juu ya kiti chake cha mbele ambacho tungekibeba pamoja na muto wake wa kukalia. Nikauliza kama tutamupelekea na chai. Akaniambia hilo nalo tutalifikiria.

"Mama Shemasi," Pasteri akasema mwishoni, "unataka kuvunja kanisa kwa sababu ya kacheko kadogo?"

"Papa, yule baba wa muruzi hakumucheka mtu. Na mumemukalisha."

Waliamua kwamba Pasteri atasema "neno la amani" saa ya matangazo. Jumapili ikafika. Kati ya tangazo la mbuzi aliyepotea na tangazo la salongo, kazi ya pamoja ya kulima njia, akashika mikro:

"Kama kuna masikio yaliyosikia vibaya neno ambalo halikusemwa vibaya, masikio hayo yasamehe, na yenyewe yasamehewe."

"Amina!" kanisa likaitika, hata watu waliokuwa hawajui yanasamehewa kwa kosa gani.

Nilirudi nyumbani nikijidanganya. Nikamwambia mtoto, haya, yamekwisha, amesema. Akaniangalia kwa huruma, mtoto niliyemubeba mgongoni.

"Mama, ametubu juu ya masikio yetu. Mudomo wake haukutajwa."

Hilo nami nilikuwa nimelisikia. Lakini nilikuwa nimechoka, na uchovu ni dawa mbaya. Basi sikumusukuma tena. Nilikunja ile kanzu upya, nikaiacha palepale.

Siku ya ubatizo niliamka nikakuta kitanda changu hakina kanzu. Binti yangu alikuwa uani, ameivaa, anafunga nywele. "Tuende," akasema. Sikuuliza kitu, nisije nikaharibu. Nilishukuru Mungu njia nzima.

Mto wetu unashuka kutoka juu kwenye baridi, na asubuhi maji yake yanauma mifupa. Pasteri alikuwa ndani mpaka kiunoni, na joho lake linaelea. Kanisa lote lilijaa kwenye ukingo, mama mkwe wangu mbele kwa sababu hasikii vizuri. Wakaanza kuingia mmoja mmoja. Kila mmoja anaulizwa kwa sauti kubwa kama ametubu dhambi zake, anajibu nimetubu, anazamishwa, anatoka anatetemeka, tunaimba.

Zamu ya mtoto wangu ikafika. Pasteri akamushika bega.

"Umetubu zambi zako?"

"Nimetubu, Papa Pasteri. Na weye?"

Pasteri akacheka kidogo, peke yake. "Hapa si pahali yake, mutoto."

Binti yangu alikaza miguu. Alisimama tu, maji kifuani. Hakutoka wala hakuzama. Nyuma yake wenzake walikuwa wanagongana meno. Wazee wa baraza wote waliinua macho kuangalia mawingu, kumbe mawingu hayakuwepo.  Nilijua akitoka pale bila kuzamishwa, hatarudi tena, si majini, si kanisani.

Ndipo mama mkwe wangu, mama wa milimani mtupu, akapiga kelele: "Papa, mujibu mutoto! Watoto wanakufa na baridi!"

Pasteri alimuangalia, akaangalia ukingo mzima. Hakuna aliyecheka. Akasema kitu chini ya ndevu.

"Hatusikii!" mama mkwe akaita. "Muto inapiga kelele!"

"Nilitukana watu ya mama yako," Pasteri akasema, sasa kwa nguvu, na bila mikro tulimusikia wote. "Nilisema wako nyani. Ilikuwa uongo. Nilisema kusudi watu wacheke. Nimetubu."

Akanyoosha mikono yake miwili, akangoja.

Binti yangu alimuangalia, akafunga pua yake kwa vidole viwili.

"Sasa unaweza kunizamisha," akasema.