Mashuka Matatu kwa Taa ya Usiku Mzima

Shemeji yangu Kahindi ndiye aliyenitoa Gede. Ana sauti ya mbuzi aliyebanwa na mlango: "Mwambie Karisa arudiii! Mwanamume mzima afua mashuka ya hoteli, shamba laota majani!" Karisa ni mwanangu wa pekee. Babake alishafariki, kwa hivyo neno la Kahindi ndilo neno. Basi mwaka ule wa themanini na tano nikajifunga leso, nikaenda kumleta.

Saa nne niko Kilifi, nangoja feri. Karani, mtu wa bara, kifua mbele: "Rrrudi nyuma, nyanya! Mzigo wako uko wapi?"

"Nimeuacha nyumbani, waitwa Kahindi."

Watu wakacheka mpaka ng'ambo.

Jioni, Kikambala. Karisa na mkewe Kadzo wana chumba kimoja, globu yaning'inia katikati. Wakabonyeza ukutani, mchana ukaingia ndani! Tukala. Mimi nabugia matonge mbiombio, maana kwetu mkono ukitoka sahanini kibatari chazimwa, hadithi twapiga gizani. Nilipomaliza nikasema, "Haya, zimeni. Mdomo hauhitaji taa."

"Tulia, mama," Karisa akasema, huku akicheka. Kadzo akavuta cherehani, akaanza kushona sare za watoto wa majirani. Jua limezama, yeye ndiyo kwanza aanza kazi!

Nikamwuliza Karisa, "Taa hii ya usiku mmoja, waifulia mashuka mangapi?"

"Matatu, mama. Nayamaliza hata chai ya saa nne bado."

Nikaanza kuhesabu kwa vidole. Mamangu alikuna nazi, akakamua, akachemsha, kutwa nzima, apate mafuta ya kuwashia taa, kifuu kimoja tu. Ugali haujaiva, utambi umekufa. Mimi nashona makuti kutwa kwa chupa ya mafuta ya taa, nayo tukibana yafika siku ya tatu. Huyu, mashuka matatu!

Siku ya tatu nikarudi Gede peke yangu. Kahindi yuko njiani: "Yuko wapiii?"

"Kazini. Mikono yake ni kama yetu, Kahindi, lakini kutwa yake yazaa kuliko kutwa zetu. Sitamrudisha gizani."

Nikamhadithia yote, nikiiga na sauti zao zote. Akakohoa, akatazama barabara ya Kikambala.

"Hotelini huko," akauliza polepole, "mlinzi mzee hawamtaki?"