Kifungu cha Mama

Baba alipoanzisha kampuni ya viungo na mdogo wake, aliingiza kwenye katiba ya kampuni kifungu kinachosema mama yangu atakuwa msimamizi wa ghala maisha yake yote. Mama hakusoma sana, ila kifungu kile alikihifadhi. Wageni wakija kwetu Usagara baba alimwambia awasomee, naye akasoma bila kutazama karatasi, huku baba akitabasamu. Hisa hakuwa nayo hata moja. Hisa zilikuwa za baba na ami, nusu kwa nusu.

Kwa miaka mingi, iliki na pilipili manga zote zilizoshuka kutoka milima ya Amani zilipita mikononi mwa mama. Mshahara hakuudai. Alisema hakuna mtu anayejilipa kwa kazi ya nyumbani kwake.

Baba akafa. Mama alikaa eda, na siku aliyotoka nikamsindikiza ghalani. Tukakuta kufuli mpya. Ami alitukaribisha ofisini, akaagiza chai.

"Shemeji, wewe pumzika. Kazi nimempa mke wangu."

"Katiba imenitaja."

"Muulizeni wakili yeyote."

Tukaenda. Wakili, mwanamke mmoja wa makamo, aliisoma katiba yote kabla ya kusema neno.

"Huu ni mkataba," alisema, "lakini ni wa wanahisa na kampuni yao, na wa wanahisa wao kwa wao. Wewe umetajwa tu. Hata ungekuwa na hisa, ungelindwa kama mwanahisa, si kama msimamizi. Ulihitaji mkataba wako wa kazi."

Nikauliza habari ya hisa za baba, maana warithi ni sisi. Akafunua kurasa, akatusomea kifungu kingine. Mwanahisa akifa, hisa zake sharti zinunuliwe na aliyebaki, kwa bei watakayopanga wakurugenzi. Mkurugenzi aliyebaki alikuwa ami peke yake.

"Na hicho nacho ni maneno matupu?" nikauliza.

"Hapana. Hicho marehemu alikikubali kama mwanahisa, nanyi mmesimama mahali pake. Kinawafunga."

"Yaani cha kutunyang'anya kinafunga," mama akasema, "cha kunipa hakimfungi mtu."

"Ndivyo, mama."

Tulirudi kwa ami kutia saini mauzo ya hisa za baba. Mama alishika kalamu, kisha akaiweka.

"Mume wangu angalijua kifungu changu hakina nguvu, asingaliniandikia."

"Alijua," ami alijibu kwa upole, kama anayempa pole. "Aliyetuandikia katiba alituambia sote wawili. Kaka akasema, kiache, kinamfurahisha."

Mama akatia saini.

Njiani nilimwambia mama kwamba ami ni mwongo, siku zote alikuwa mwongo.

"Ni mwongo," alisema. "Lakini maneno yale ni ya baba yako. Nimelala naye kitanda kimoja, najua anavyosema."

Na mimi nilikuwa nimeisikia sauti ya baba ndani ya maneno yale.

Hitma ya baba ya kutimiza mwaka ilipofika, wanawake walijaa uani wakipika. Ami alikaa mbele na masheikh. Nilikwenda chumbani kumwita mama aje kuitikia dua. Alikuwa amelala, uso ukutani. Akasema kichwa kinamuuma, akaniomba nimfungie mlango.