Mumiani na Chupa ya Nne

Nilipokuwa mtoto wa miaka tisa kule Granville, ughaibuni, Nyanya alichana barua ya shule mbele ya macho yangu. Alikuwa amekuja kutoka Mombasa kuishi nasi, na barua ile ilitaka ruhusa ya mzazi ili niende na wenzangu makumbusho. Nilimsomea kwa Kiingereza kwamba tunaenda kuona "mummies", yaani maiti wa kale wa Misri waliokaushwa. Yeye akasikia mumiani.

"Shindwe!" alisema. "Shule gani hii inapeleka watoto kwa mumiani mchana kweupe?"

Kwa wasiolelewa Pwani, mumiani ni wale watu waliosemekana kukamata wapita njia, kuwaning'iniza kichwa chini na kuwatoa damu ya kutengenezea dawa. Nyanya hakuwahi kumwona hata mmoja, ila alimjua mtu aliyemjua mtu aliyeponea chupuchupu. Mama alicheka mpaka machozi, akaomba barua nyingine, akatia sahihi.

Nikaenda. Katika katuni zetu maiti wa namna hiyo ni zimwi linalofukuza watu mikono mbele. Huyu wa makumbusho alikuwa mdogo, amefungwa vitambaa, hatishi hata kidogo. Mwanamke aliyetutembeza pale akasema zamani maiti kama hao walisagwa wakawa unga, na Wazungu wakaunywa kama dawa. Nilirudi mbio kumwambia Nyanya. Kiswahili changu kilikuwa cha kuokoteza, lakini siku hiyo kilitosha.

"Si niliwaambia?" Alipiga makofi. "Lisemwalo lipo!"

Nilifurahi kweli kumpatia ushindi. Sikujua kwamba Ijumaa alitakiwa kupimwa damu, maana sukari ilikuwa inamsumbua, na kidole cha mguu kilikuwa na kidonda kisichopona. Ijumaa ilipofika akagoma.

"Mjukuu wangu ameshaniletea habari. Damu yangu haitoki."

Mama, ambaye ni nesi, alimbembeleza wiki tatu, na mimi akaninunia wiki hizo zote. Kidole kikawa cheusi.

Mwishowe, hospitalini, Nyanya alikubali kwa sharti moja: chupa tatu basi, na mimi nisimame pale nihesabu. Aligeuza uso ukutani. Nesi wa zamu alijaza tatu, akachukua ya nne. Nilifungua mdomo, Mama akanikazia macho.

"Ngapi?" Nyanya aliuliza.

"Tatu, Nyanya."

"Mungu akubariki, mjukuu wangu. Wewe huwezi kunidanganya."

Kidole walikikata, mguu ukapona, tukakaa naye miaka mingine sita.

Ukubwani nilikuja kusoma kwamba Nyanya hakukosea kusikia. Neno ni lile lile moja. Mumia lilikuwa jina la dawa nyeusi kama lami iliyotoka Uajemi, na watu wakaitafuta hadi ndani ya makaburi ya Misri, kwa maiti walioonekana kupakwa kitu kama hicho. Kwa Wazungu neno hilo likazaa zimwi la vitambaa, kwetu likazaa mtoa damu. Wao walimwogopa aliyesagwa. Nyanya alimwogopa msagaji, na kwa hilo naona alikuwa na akili kuwashinda.

Sinema za maiti wanaofufuka hazinitishi. Ninachokumbuka ni ile chupa ya nne. Nyanya alikufa akiamini zilikuwa tatu. Ningemdanganya tena, kwa ajili ya ule mguu, lakini nadhani hata mumiani hujiambia ana sababu njema kama yangu.