Geti la Watalii

Trajanka Petrevska alisugua vyoo vya uwanja wa ndege wa Sydney kwa miaka kumi na tisa, na katika miaka yote hiyo hakupita hata mara moja kwenye geti la stesheni iliyo chini ya uwanja. Treni ni ile ile ya watu wote, ila ukipandia au kushukia pale, geti linakukata mara kadhaa ya nauli ya kawaida. Sisi wafanyakazi tulishuka Mascot, stesheni ya jirani, tukakanyaga lami karibu nusu saa. Mumewe Risto, mpakia mizigo, ndiye aliyemfundisha. "Geti lile ni la watalii," alikuwa akisema, na wenzake wanacheka. Ilikuwa fahari ya kimaskini, lakini ilikuwa yetu.

Alhamisi ile Risto alikuwa amelazwa hospitali katikati ya jiji, mapafu yamekwisha, anamngoja mwanawe Goce ambaye hakuwa amerudi kutoka machimbo ya magharibi kwa miaka minne. Daktari alisema huenda Risto akaishi hadi jioni. Ndege ya Goce ilitua saa nne asubuhi, na mama yake akaenda kumpokea.

Wakasimama mbele ya mashine ya tiketi. Goce akatoa kadi.

"Rudisha hiyo," Trajanka akamwambia. "Umekuwa mtalii siku hizi?"

"Mama, hata leo?"

"Mascot si hapo tu! Baba yako akisikia umelipa geti, atakucheka mpaka apaliwe."

"Basi nilipe mimi, yako na yangu."

"Si pesa, mwanangu. Sisi hatujawahi."

Goce akatabasamu, akairudisha kadi mfukoni. Wapo waliomlaumu Trajanka baadaye. Mimi siwezi, kwa kuwa nami ningefanya vile vile, na hilo linaniuma.

Jua lilikuwa kali. Kabla hawajavuka barabara ya malori, gurudumu la sanduku liling'oka, Goce akajitwika sanduku begani. Walizungumza njia nzima, mama akimsimulia jinsi Risto anavyogombana na wauguzi kwa sababu ya chai, na mara mbili walisimama wacheke. Walipofika ngazi za Mascot waliisikia treni iliyotoka uwanja wa ndege ikiondoka. Wakangoja nyingine.

Wodini pazia lilikuwa limevutwa. Risto alikuwa amefariki robo saa iliyopita.

Goce alimshika baba yake mkono, nao ulikuwa bado una joto. Trajanka alisimama mlangoni, ameushikilia mkoba kifuani.

"Poleni sana," muuguzi alisema. "Alikuwa anauliza kila saa. Nikamwambia, wapo kwenye treni, watafika sasa hivi."

"Akasemaje?" Goce akauliza.

Muuguzi akamtazama Trajanka. "Akasema, 'Wapi! Wanatembea hao. Mke wangu halipi geti lile.' Halafu akaniomba nikupigie, mama. Alisema, 'Mwambie leo alipe.' Nilipiga mara tatu."

Trajanka akaingiza mkono mkobani. Simu ilikuwa chini kabisa, chini ya pai ya jibini aliyomwokea mumewe. Alikuwa ameizima sauti alipoingia uwanjani, kama alivyozoea kila siku ya kazi.