Mwezi Mmoja wa Kujaribu Bure

Sijawahi kuona kitu kinachojisifu kama televisheni ya mtandao. Hata kabla hujaiwasha inakwambia ina maelfu ya filamu, utatazama unachotaka saa unayotaka, na mwezi wa kwanza ni bure kabisa. Nilifundisha Kiswahili katika shule ya msingi hadi nikastaafu, na mtoto aliyejisifu hivyo mbele ya wenzake ndiye niliyemwita ubaoni kwanza. Mara nyingi hakuwa na lolote.

Aliyeuingiza mtandao huo nyumbani ni binti yangu anayesoma chuoni Kabianga, ambaye tangu aingie huko hakuna kitu chetu kisichomtia aibu. Baba yake anafanya kazi Nakuru na huja mwisho wa mwezi. Safari moja alikuja na televisheni mpya, bapa na pana, akaitundika ukutani sebuleni, akarudi zake kazini. Binti akaikagua. Akakagua na dekoda iliyokuwa chini yake, na waya uliopanda hadi kwenye dishi juu ya bati, akacheka.

"Mum, dish ni ya nini tena? Hii ni smart. Tunaweka tu net, una-try one month free, ikikuboo unaachana nayo. Si wewe ni teacher? Ipe marks."

Hilo la kutoa alama ndilo lililoniponza. Mwalimu mstaafu ukimpa kitu cha kusahihisha umemrudishia ujana. Nikakubali. Tena nikazidisha: wiki hiyohiyo wifi yangu alipita kutoka Ndanai, akaiona dekoda imekaa bure, akaisifu, nami nikampa na dishi lake akaenda nalo. Nilijiona mtu wa kisasa. Upumbavu huo ni wangu, siwezi kuusukumia mtandao.

Sasa nieleze ni nani hasa aliyekuwa akitazama televisheni nyumbani kwetu, maana si mimi. Ni baba mkwe wangu. Mzee alipata kiharusi kikamchukua upande wote wa kulia. Mkewe alikuwa ameshatangulia. Mtu ambaye alikuwa hapitishi siku bila kushuka kituoni kupimisha majani chai na kubishana na kila aliyekuwepo, sasa akawa mtu wa kiti cha dirishani, fimbo mapajani, anaangalia mvua. Mwaka uleule mume wangu akaweka dishi, na wazee wanne wa rika lake, waliotahiriwa naye msimu mmoja, wakaanza kuja kila alasiri.

Walikuja maziwa yakiwa yameshapelekwa, majani yameshapimwa, na mvua ya kwetu inajiandaa kunyesha kama desturi yake. Walitazama stesheni moja tu, ile ya Kikipsigis: habari, kwaya, daktari wa mifugo akieleza magonjwa ya ng'ombe, na matangazo ya vifo ambayo waliyapenda kuliko yote. Stesheni haikubadilishwa kamwe. Mimi niliwapelekea chai na kibuyu cha mursik, maziwa yetu ya kuganda, nikatoka. Ndivyo ilivyo hapa: mke wa mtoto haketi sebuleni na baba mkwe, na wazee wa rika lake wote ni baba wakwe zake. Mimi ni wa watu wa ziwani, nilizaliwa kwenye laini, zile nyumba za wafanyakazi wa kiwanda cha chai, alikofanya kazi baba yangu, lakini heshima hiyo haikunipa taabu kwa sababu kwetu pia ipo. Mzee hunisemesha Kiswahili tangu siku nilipoolewa, ingawa Kikipsigis nakisikia vizuri, na huniita Mwalimu.

Asubuhi nzima angeweza kusema maneno kumi. Alasiri nikiwa jikoni nilimsikia akibisha, akicheka, akiwakatiza wenzake. Niliipenda ile kelele. Ilinifanya nichape kazi zangu upesi.

Basi dishi likaenda Ndanai, mtandao ukaingia.

Jambo la kwanza televisheni ilifanya ni kuuliza nani anatazama. Binti alikuwa ameshamchorea kila mmoja wetu uso wake, na Mzee akapewa ndege mnene asiyeruka, mwenye miwani. Mzee akamwangalia kwa muda.

"Huyo ni nani?"

"Ni wewe, Kugo," binti akamjibu babu yake, akafurahi sana.

Mimi nilikasirika kwa niaba yake. Ng'ombe wote aliowafuga, chai yote aliyoipanda kwenye ule mteremko kwa jembe la mkono, halafu anaambiwa yeye ni ndege. Nikatoa alama ya kwanza kichwani, nayo ilikuwa sifuri.

Binti akarudi chuoni. Wazee wakaja, wakafuta viatu, wakakaa, wakangoja habari. Niliitafuta stesheni yao. Haikuwemo. Zilikuwemo filamu za watu wa Korea wakilia chini ya miavuli, za watu wa Ulaya wakitafutana kwa bastola, na mashindano ya kupika keki, ambayo kwa hesabu yangu yalikuwa zaidi ya keki zote zilizowahi kuliwa Kericho na Bomet. Chini yake, ukitaka, waliandika Kiswahili. Nikasoma dakika tano. Ningekuwa na kalamu nyekundu ningeipasua ile skrini. Mtu anaagana na mama yake anayekufa na wameandika anamwambia "safari njema ya biashara".

Kisha mvua ikaanza, na mvua ya Kericho ikianza mtandao unaogopa. Picha ikasimama, kiduara kikazunguka. Wazee wakakitazama kiduara kwa adabu, wakidhani ndicho kipindi.

Lakini ubaya mkubwa ulikuwa huu: kitu hicho hakiwezi kukaa peke yake. Dekoda ulikuwa unaiwasha unaondoka. Hii inataka mtu wa kuiongoza, anayesoma Kiingereza, wa kubonyeza mishale huku na huku. Mzee mkono wake wa kazi ulikuwa umekufa ganzi na wenzake hawakutaka hata kuigusa rimoti. Aliyebaki ni mimi. Kwa hiyo nikawa nasimama mlangoni na rimoti, mguu mmoja ndani mmoja nje, nikiwachagulia baba wakwe zangu watano cha kutazama. Nilijionea haya, nao walinionea haya.

Siku ya tatu niliazimia kuwapatia kitu kinachowafaa. Nikapekua mpaka nikaona picha ya ng'ombe. Alikuwa ng'ombe hasa, mwekundu, kifua kipana, amesimama kwenye majani mazuri, na nyuma yake shamba lenye ua na ghala. Nikaona nimepata. Sikusoma maelezo, nani anayesoma maelezo ya ng'ombe? Nikabonyeza. Wazee wakachangamka papo hapo. Wakaanza kubishana kuhusu kiwele, kwamba huyu akilishwa vizuri anajaza ndoo mbili, mwingine akakataa, na Mzee akagonga fimbo sakafuni akasema wote hawajui ng'ombe. Nilifurahi mpaka nikasahau kutoka.

Ng'ombe hakurudi tena. Mwenye shamba aliingia ghalani, mke wa jirani akaingia nyuma yake, na kabla sijakipata kitufe walikuwa wameshavuana mashati. Wakati huohuo mvua ikapiga bati, na mtandao, ambao ungeweza kukatika dakika moja kabla au dakika moja baadaye, ukakatika hapo. Picha ikaganda. Wale wawili wakabaki ukutani mwetu, wakubwa kuliko binadamu wa kawaida, kiduara kikizunguka mgongoni mwa mwanamke. Nilibonyeza kila kitu. Ikaniuliza kama bado ninatazama.

Wazee waliinua macho yote kwenye dari. Mzee alifumba yake. Mmoja wao, mzee wa kofia ambaye ndiye aliyetangulia wenzake jandoni, akaichukua kofia kutoka gotini, akasema kwa utaratibu, "Mvua imepungua."

Mvua ilikuwa inanyesha hata hatukuweza kusikiana. Wakatoka mmoja mmoja, bila makoti ya mvua, wakateremka na ile njia ya matope. Nilichomoa waya ukutani nikakimbilia jikoni. Nilitaka ardhi inimeze.

Kesho yake hawakuja, na keshokutwa hawakuja. Nilichomeka waya nitafute angalau kwaya, nayo televisheni ikanikaribisha ikisema kwamba kwa kuwa nilitazama ile, nitazipenda na hizi. Ikanipangia safu nzima ya wenye mashamba vifua wazi. Ilikuwa imetufahamu kwa siku tatu, na hayo ndiyo iliyoyaelewa. Nikaidharau kwa moyo wangu wote.

Mzee alikaa kitini. Saa nane na nusu aliangalia mlango. Saa tisa aliangalia mlango. Saa kumi aliniambia, "Mwalimu, hiyo chai mimina ng'ombe ikunywe." Baada ya wiki mbili akawa haangalii hata mlango, na chakula anakigusa tu. Niliogopa. Sikuwa nimeogopa vile hata siku ya kiharusi.

Kisha nikasikia kwamba wale wanne hukutana kwa mwenzao mwingine, ng'ambo ya kituo cha majani, chini kabisa ya mteremko, kwenye nyumba yenye dishi. Mzee hangeweza kufika huko hata kwa kubebwa. Siku ya kupimisha chai nikamkuta mzee wa kofia kituoni, nikamwamkia kwa heshima zote, naye akaitika akiangalia mizani.

"Hakuna mtu amekasirika, Mwalimu," akasema kabla sijamuuliza.

"Basi mbona hamkuji?"

"Kule kwa mwenzetu iko habari ya Kikipsigis saa tisa. Kwenu sasa iko tu hiyo maneno ya wazungu."

"Na mwenzenu je? Ako peke yake kutwa nzima."

Akafikiri kidogo. "Msalimie sana," akasema.

Msalimie sana! Mtu aliyekalia kiti changu alasiri zote hizo, aliyemaliza mursik yangu kibuyu kwa kibuyu na kuacha matope yake kwenye zulia langu, anamtumia salamu mgonjwa kama vile yeye anaishi ng'ambo ya bahari. Nilipanda ule mteremko nikiwa nimejaa hasira, kikapu tupu kikinipiga mgongoni, na sikungoja hata kunawa. Nilisimama mlangoni pa sebule nikamwambia Mzee yote.

"Baba, hao si marafiki. Rafiki angekuja hata kama hakuna TV. Hao walikuwa wanafuata TV na maziwa."

Mzee alinisikiliza hadi mwisho. Ulimi wake huwa mzito tangu augue, kwa hiyo anachosema anakipanga kwanza.

"Mwalimu, unafikiri mimi sikujua? Nikiwa nimetoka hospitali, kabla dishi iwekwe, hao watu walikuja mara ngapi? Mara moja. Walikuja na pasta, wakaomba, wakaenda." Akapumua. "Ndiyo nikaambia kijana wangu alete dishi. Mtu akiwa hawezi tembea, lazima aweke kitu kwa nyumba ya kufanya watu wakuje."

Mwezi mzima nilikuwa nikigawa alama: kwa mtandao, kwa binti, kwa wazee. Mzee alikuwa ameufanya mtihani wake mapema, peke yake, kitini pale, akapata jibu, na mimi nililitoa nje kumpa wifi abebe.

Siku hiyohiyo nikampigia binti, akanielekeza namna ya kujitoa. Televisheni ikaniuliza sababu, ikanipa orodha nichague: bei, filamu chache, ninahama. Sababu yangu haikuwemo. Nikabonyeza ya kwanza. Ikaniuliza kama nina hakika, ikasema itanikosa. Nikaizima.

Asubuhi yake nilikwenda Ndanai. Wifi alinuna, akasema kitu kikishatolewa kimetolewa, na ana haki. Nilimwachia kuku wawili na maneno matamu mengi kuliko niliyowahi kumwambia tangu niolewe. Fundi akapanda juu ya bati jioni hiyo. Habari nilizitangaza mwenyewe kituoni, kwa sauti, karibu na mizani, kama mwenye duka aliyepokea bidhaa.

Wakaja. Saa nane na nusu, wote wanne, viatu vimefutwa. Hakuna aliyemuuliza mguu unaendeleaje. Hakuna aliyesema walikuwa wapi. Mzee wa kofia akauliza kama habari zimeanza, na Mzee akamjibu kwa ukali kwamba akae chini kwanza aache kuwazibia picha, na sauti yake ikafika hadi jikoni.

Niliwaza kuhusu kila mmoja wao maneno makali ambayo mke wa mtoto hapaswi kuyawaza. Kisha nikachukua vile vikombe vikubwa vya wageni, nikavijaza hadi ukingoni, chai ya moto kabisa, ili wachelewe kumaliza.