Mhindi Asiye Mhindi

Juzi Jumamosi, ndani ya basi la kwenda Wembley, hapa London, mbele yangu walikaa kina mama wawili wa Kitanzania wakitazama postikadi waliyoinunua kwenye makumbusho. Ilikuwa nakala ya mchoro wa Ulaya, wa karne nyingi zilizopita.

"Mbona Wazungu hawa wamevaa manyoya?" mmoja akauliza.

"Si Wazungu, shoga. Ni Wahindi Wekundu, wenyeji wa Marekani."

"Weupe hivi?"

Nikachungulia. Kweli, mchoraji, ambaye nadhani hakuwahi kuvuka bahari, alikuwa amechora majirani zake, akawavua nguo na kuwachomeka manyoya kichwani.

Mzee wa Kihindi aliyekaa upande wa pili akageuka. Kiswahili chake kilikuwa cha Mombasa kabisa.

"Hebu nimwone huyo Mhindi mwenzangu." Akavua miwani, akaifuta, akaivaa tena, akaipokea postikadi. "Huyu si Mhindi, mama. Wala si mwekundu."

Tukacheka sana.

"Haya, mwenyewe anajiitaje?" mzee akauliza.

Wale kina mama wakatazamana. Mimi, ninayekula kwa kuandika maneno, nikageukia dirishani.

Tulimcheka mchoraji kwa kuwabandika watu sura isiyo yao. Jina je? Tulilipokea kutoka kwa Wazungu hao hao, tukalitia kwenye Kiswahili chetu, tukaona limetosha.

Mzee akairudisha postikadi kwa mikono miwili, lakini kwanza akaiinamia.

"Pole, ndugu yangu," akaiambia. "Hata jina hatukukuuliza."